Jezi Zilizonukia Udi

Siku za mechi, Tanga ilikuwa haikaliki. Tarumbeta zilianza kulia barabarani kabla chai haijachemka, baiskeli zikapita na bendera, nami, binti wa miaka kumi, sikuweza kutulia hata nimalize andazi langu. Uwanja wa mpira ndio uliotuletea wageni. Watalii waliokwenda ufukwe wa Ushongo walipita tu mjini, lakini timu za bara zilikaa siku tatu, zikala, zikalala, zikachafua nguo. Aliyezifua nguo hizo ni mama yangu. Nyumba moja ya wageni kule Raskazone ilimpa mashuka na nguo za wageni wote, na kazi hiyo ndiyo iliyotulisha na kutusomesha.

Mwaka mmoja ilikuja timu yenye wasiwasi kupita zote. Siku ya mazoezi wachezaji walikataa kupita geti kuu la uwanja, wakaruka ukuta mmoja mmoja, kocha wao mwenye kitambi akisukumwa kwa nyuma, maana waliamini wenyeji wamefukia kitu mlangoni. Mtaani kwetu Mabawa tulicheka sote. Asubuhi ya mechi mama alizipiga pasi jezi zao, akatoka kupeleka mashuka, nikabaki nazo. Hazikuwa na harufu yoyote, nikaona aibu: kwetu nguo ya mgeni haitoki bila kufukizwa. Nikatia makaa kwenye chetezo, nikadondosha udi wa sikukuu, nikafunika kwa kapu na kutandaza jezi juu yake, moja baada ya nyingine. Nilijiona mtu mzima. Mama alirudi amechelewa, akajitwika furushi bila kuuliza, nami nikamfuata mbio.

Nahodha wa timu alilifungua kwenye baraza la nyumba ya wageni. Harufu ilipompata, aliruka nyuma.

"Tumerogwa! Nani kazishika hizi?"

Wenzake wakazitupa jezi mchangani. Mwenye nyumba akamgeukia mama. Mama alinitazama mara moja tu. Vidole vyangu vilikuwa bado na jivu.

"Nimefukiza miye," akasema. "Udi ni heshima, mwanangu, si uchawi."

Hakuna aliyemsikiliza. Walicheza na fulana za mazoezi, wakafungwa, na kufungwa kwao kukawa ushahidi. Jumatatu mama hakupewa tena mashuka. Majirani waliowacheka wale waruka ukuta wakaanza kuukwepa mlango wetu, wakamwita mchawi wa jezi. Nami nikakaa kimya. Niliogopa, nasema wazi, na woga ule unaniudhi mpaka leo.

Siku hizi mji wote unazungumzia utalii wa michezo. Kila timu kubwa ikija, vyumba vinajaa, na hata wazungu huenda uwanjani kupiga picha. Lakini jina lile halijamtoka mama. Majuzi, saa chache kabla ya mechi, vijana washabiki wa timu yetu walisimama mbele ya baraza letu.

"Shikamoo bibi! Tufukizie na sisi tushinde!"

Wakacheka, naye akacheka nao. Mimi nilishindwa kuvumilia. Nikainuka niwaambie kuwa ni mimi, miaka yote hii ni mimi. Mama akanishika mkono, akanikalisha kwa nguvu nisiyoidhania kwa umri wake. Vijana walipoondoka, akamtazama binti yangu aliyekuwa akiruka kamba uani.

"Jina hilo miye nishazeeka nalo," akasema. "Ukilichukua wewe leo, kesho watampa huyu."