Mlio wa Gari na Sikio la Mke Wangu

Nimewahi kumwonea wivu mke wangu, na nasema mapema msije mkadhani ni ule wivu wa wanaume. Kijana mwenye gari la kisa hiki angeweza kuwa mwanetu wa tatu. Wivu wangu ulikuwa wa sikio. Sikio lake lilisikia kitu ambacho langu halikukisikia, tena mbele ya mtu.

Karakana yangu iko kando ya barabara ya Mambrui, ukishavuka daraja la Sabaki. Kuiita karakana ni kuipamba. Ni banda la makuti, shimo la kuingilia chini ya gari, na pipa la oili chafu. Shule niliacha darasa la tatu kwa sababu ya mwalimu mmoja, lakini huyo tumwache. Ufundi nilijifunzia chini ya malori ya chumvi ya Gongoni, nimelala chali, maji ya chumvi yananidondokea machoni. Chumvi inamaliza chuma, hilo silihitaji kitabu. Na dawa yetu ya huku tangu zamani ni moja: unachukua oili chafu, unapaka chini ya gari lote. Nimepaka malori mengi na hakuna mtu aliyerudi kulalamika. Au walirudi, nimesahau.

Mke wangu ana karai lake la viazi hapohapo, hatua kumi kutoka kwangu, mkabala na bampu, lile tuta la kupunguza mwendo. Kila gari la barabara ile lazima lipande bampu lishuke mbele yake. Miaka yote hiyo mimi niko shimoni nagonga, yeye amekaa kwenye kibao anageuza viazi na kusikiliza. Sikuwahi kuliwaza hilo hata siku moja.

Basi kijana mmoja wa Malindi, mfanyabiashara wa samaki, alinunua gari dogo la mbio. Viti viwili tu, limeshuka chini, matairi mapana kuliko akili yake. Yeye na wenzake walikuwa wametengeneza njia ya mzunguko ndani ya bwawa la chumvi lililoachwa kule Gongoni, likikauka ni gumu kama sakafu, wanazunguka humo na kufukuzana. Gari akaniletea mimi nilitunze. "Huyu ndiye fundi wangu," aliwaambia watu, na mimi nikasikia vizuri sana siku ile. Nikalipaka oili chini lote, kila pembe, kwa mapenzi.

Baada ya wiki kadhaa likaanza kulia. Mbele, upande wa kulia, akikata kona kwa kasi. Kijana akasema wazi: "Fundi, Jumapili ya pili kuna mashindano. Ukiuondoa mlio huu, tunakwenda sote, wewe ndiye fundi wa gari. Ukishindwa nalipeleka Mombasa, na huko ndiko litakuwa likitengenezwa."

Mimi katika maisha yangu sikuwahi kusimama penye mashindano nikaitwa fundi wa gari. Nilianza kuwaza kofia nitakayovaa.

Nikafanya kazi kama inavyotakiwa, sijisifu. Nilipiga alama ya rangi kwenye kila nati, mstari unaovuka kutoka natini hadi chumani, ili ikilegea mstari uachane. Hakuna mstari ulioachana. Niliingiza mtalimbo nikatikisa boljointi, vile viungo vya gurudumu, zimekaza. Nilifungua ile linki ya stabilaiza, chuma kinachozuia gari lisilale kwenye kona, tukaliendesha bila hiyo. Mlio uko palepale. Nikabadilisha shokabzoba zote mbili za mbele. Kijana akapanda bampu, akashuka: du.

Ndipo mke wangu akasema, hakunyanyua hata kichwa: "Hicho si chuma."

Kijana alikuwa amesimama kwake anakula viazi. "Umesemaje, mama?"

"Chuma kikigonga chuma kinalia. Hicho hakilii, kinajibu kama mtu ana chakula mdomoni. Kuna mpira hapo umelainika."

"Mama, umejuaje?"

Akanyoosha mguu. "Unaiona ndara hii? Kila siku inadondokewa na mafuta ya karai. Bonyeza hapo. Si imevimba? Ilikuwa sawa na hii mwenzake. Sasa huyu mzee wangu amelipaka gari lako mafuta kama anayekaanga, na mpira umo humohumo."

Kijana akainama, mtu mzima na saa ya dhahabu mkononi, akabonyeza ndara ya mke wangu. Kisha akanigeukia. "Mzee, unasemaje?"

Mzee! Asubuhi nilikuwa fundi.

Nikasema ni breki. Nikasema pedi zinacheza pale zinapokaa, na wanawake wa viazi wangoje viazi. Mke wangu alicheka tu. Angenitukana ningepona haraka zaidi. Kuanzia hapo kila alipokuja, kijana alianzia kwake. "Shikamoo, mama. Leo linasemaje?" Naye anajibu kama daktari. Mimi nikamwambia asogeze karai, moshi unaniumiza macho. Moshi ule ulikuwa hapo tangu tuoane.

Nikabana zile pedi, tukaenda Gongoni kujaribu. Kona ya kwanza tu, du. Kona ya pili, du, na usukani unavuta. Kijana akasimamisha gari katikati ya bwawa. Akaniambia bila kelele, na hiyo ndiyo mbaya: "Alhamisi, mzee. Baada ya hapo nalipeleka."

Siku iliyofuata nilingoja mke wangu aende sokoni, nikaingia shimoni, nikabonyeza bushi, ule mpira wa kwenye mkono wa chini unaoshika gurudumu, kwa kidole gumba. Kidole kikaingia kama kwenye papai lililoiva. Mpira mzima umenywa oili, na juu yake chumvi na vumbi la Gongoni vimeganda kama uji. Nikabonyeza ya pili. Vilevile. Nililala pale nikiitazama kazi ya mkono wangu.

Nikaona njia. Nitie bushi mpya, ninyamaze, niseme nimeziona zimechoka zenyewe. Nikatia, na nilizitia vizuri: gari nililishusha likae kwa uzito wake kwanza ndipo nikakaza nati, maana ukizikaza gurudumu linaning'inia, mpira unabaki umejikunja na utakufa mapema. Nikafuta oili yote kwenye mpira kwa sabuni. Alama za rangi nikapiga upya.

Alhamisi kijana akaja, akapanda bampu, akashuka. Kimya. Akarudia mara tatu.

"Ilikuwa nini?"

"Bushi."

"Zilifanya nini?"

Mke wangu amesimama, mwiko wa matundu mkononi, mafuta yanadondoka, anangoja. Angesema neno moja, Wallahi ningeweza kudanganya.

"Zilikula oili," nikasema.

"Oili ya nani?"

"Yangu. Huyu alisema kweli, mimi nikakataa. Toka sasa ukitoka Gongoni lioshwe chini kwa maji matamu, likauke. Mpira usiguswe na mafuta."

Kijana akacheka mpaka akashika paa la gari. "Basi Jumapili nakwenda na mama! Kwenye pikapu imebaki nafasi moja tu, maana mke wangu naye anakuja. Utanisamehe, fundi."

Jina akanirudishia, safari akaninyima.

Jumapili mke wangu alijifunga leso mpya akapanda pikapu inayovuta gari. Mimi nikabaki na karai. Niliunguza karai zima la viazi, na mteja mmoja akaniuliza kama mwenyewe amekufa. Magari yakawa yanapanda bampu, yanashuka, na mimi nimekaa kwenye kibao chake nakaza sikio, sisikii ila bampu.

Alirudi alasiri, chumvi imemkaukia kwenye nyusi. Kumbe walimpa kiti penye kona kali kabisa.

"Limelia?" Nilikuwa nimeapa sitauliza.

"Mbele kimya. Nyuma kushoto kuna kitu."

"Kinaliaje?"

"Ngoja kwanza nioge, bwana we."

Nikakaa nje ya bafu la makuti, namsikia anajimwagia maji polepole kama mtu asiyedaiwa chochote.