Mgongo wa Gauni la Kifaransa

Mama yangu mdogo aliziba mgongo wa gauni la Kifaransa huku mwenye gauni amekaa chumba cha pili, mlango wazi, mikono yote miwili imepakwa hina mbichi mpaka karibu na viwiko, hawezi kushika kitu. Cherehani alikuwa anaisikia. Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini, katikati yao, na niliwaona wote wawili. Hakuna aliyepiga kelele.

Mwenye gauni ni binti mkubwa wa huyo mama mdogo. Mimi nimemzidi umri, kwa hiyo humwita mdogo wangu. Alijifunza kushona kwenye kibanda cha mama yake pale Dunda, Bagamoyo, akianzia kufumua, kisha vifungo, kisha sare za shule. Baadaye akaenda Ufaransa kusomea ushonaji, akamaliza, na akapata kazi Paris kwenye nyumba moja ya mitindo inayotengeneza nguo za jioni. Nguo hizo hushonwa moja moja, kwa mkono, kwa kipimo cha mteja mmoja, na huvaliwa na watu ambao hawajawahi kufua.

Dunda kulikuwa na maoni mawili juu ya kazi hiyo. Wapo waliosema yeye ndiye anayebuni hizo nguo. Wapo waliosema anaosha vyombo hotelini na hataki kusema. Mama mdogo akiulizwa alijibu, "Anashona," akaendelea kuzungusha gurudumu.

Nyumba hiyo ya mitindo ina alama yake. Mbunifu aliyeianzisha alishafariki, lakini waliobaki hawajaigusa. Gauni lazima liwe jeusi, la hariri. Mbele limefunga mpaka kooni, mikono mirefu mpaka kwenye vifundo vya mkono, hakuna ushanga, hakuna kifungo, hakuna ua. Nyuma liko wazi, kutoka shingoni mpaka kiunoni, na pale uwazi unapoishia pana fundo kubwa la hariri ile ile, kubwa kuliko kichwa cha mtoto. Mdogo wangu alinieleza kwamba ukimwona mwanamke aliyelivaa kwa mbele unaweza kudhani anakwenda kwenye hitima. Akigeuka ndipo bei inapoonekana.

Alilokuja nalo lilikuwa la maonyesho. Lilishavaliwa, likachoka kidogo ukosini, na wafanyakazi wakauziwa kwa bei yao. Alikuja nalo kwa sababu mdogo wake wa tumbo moja alikuwa anaolewa, na kwa sababu, alivyosema, alitaka mama yake aone kazi.

Hapo ndipo inapoingia sare.

Kwetu, harusi ikikaribia, upande wa bibi harusi huchagua kitambaa kimoja, na wanawake wote wa ukoo hushona hicho hicho, kila mmoja mshono wake. Safari hii ilikuwa zambarau yenye maua madogo ya dhahabu. Kwenye sherehe ya wanawake, wenye sare huitwa kwa pamoja kwenda mbele kumtunza bibi harusi. Asiye na sare hakatazwi kwenda. Anaulizwa tu na waliokaa nyuma: huyu ni mgeni wa nani? Mama mdogo angeweza kustahimili mengi kwenye harusi ile, hata wali ungeungua. Asingeweza kustahimili kusikia swali hilo likiulizwa juu ya mwanawe.

Kwa hiyo alikuwa amemshonea ya kwake mapema. Alitumia kipimo alichokuwa nacho, cha siku binti alipoondoka nyumbani.

Binti aliingia na sanduku, akabusu mkono wa mama yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umejaa mabega."

"Ni koti, mama."

Halikuwa koti. Gauni la sare liligoma kwapani na halikufika katikati ya mgongo. Mama mdogo alivuta upande huu, akavuta upande ule, akakaa chini. Kitambaa kilikuwa kimeisha dukani na yeye hakuwa ameacha ziada kwenye mishono, maana alikata kwa kubana ili ukoo mzima utoshe.

"Usihangaike mama," binti alisema. "Nguo ninayo."

Alisema kwa nia njema. Mama mdogo alilikunja lile gauni la zambarau polepole sana, kama mtu anayekunja nguo za marehemu.

Jeusi lilifunguliwa siku iliyofuata, kitandani, likiwa ndani ya mfuko wa kitambaa cheupe. Tulikuwepo mimi, mama mdogo, na shangazi wa mabinti hao aliyekuwa amefika kutoka Lugoba na alikuwa bado hajavua viatu vya safari.

"Hili tu?" shangazi aliuliza. "Nimekanyagwa miguu kwenye basi kutoka Msata mpaka hapa nije kuangalia buibui?"

"Subiri ligeuzwe, shangazi."

Likageuzwa.

"Eeh," shangazi alisema. "Na huku kumeliwa na nini?"

Mama mdogo hakucheka. Alivaa miwani akasema, "Nipe ndani." Fundi wa kwetu haangalii nguo kwa nje. Nje hata muuza duka anaona. Alilipindua, akaliweka mapajani, akaanza kufuata mishono kwa kidole gumba. Alifika kiunoni, akarudi juu, akashuka tena.

"Kipi chako hapa?"

Mdogo wangu alipiga magoti akamwonyesha pindo la bitana, chini kabisa, lile linalogusa sakafu na ambalo hakuna mgeni yeyote ukumbini atakayeliona. Kule, alieleza, kila mtu ana sehemu yake. Yupo wa mikono, yupo wa kola, fundo lina watu wake na hawachanganyiki na wengine. Yeye ni wa pindo.

"Tangu uende?"

"Tangu niende."

"Pindo tu?"

"Pindo tu, mama."

Shangazi alinitazama. Nilitazama dirisha. Mama mdogo aliinamia lile pindo kwa muda mrefu, akilivuta taratibu kati ya vidole, na nilidhani atasema kitu kuhusu miaka. Alisema, "Pindo zuri." Kisha akalipindua tena gauni, akapitisha kiganja kwenye uwazi wa mgongo.

"Na hapa, hamjamaliza?"

"Ndivyo lilivyo. Ndiyo alama yao." Alijaribu kueleza. Yule mbunifu, alisema, alitaka mwanamke akumbukwe anapoondoka.

"Kwetu mtu anakumbukwa anapoingia," mama mdogo alisema. "Kwa salamu."

Mjadala uliishia hapo. Nataka nieleweke: mgongo wazi peke yake haukuwa kosa. Sherehe ya wanawake ni ya wanawake, mlangoni anakaa mama mwenye kikapu cha kukusanyia simu, na ndani nimeona migongo mingi, na zaidi ya migongo. Mama mdogo mwenyewe amewashonea wenye migongo hiyo. Aliloliona yeye ni jambo jingine, na alilifikiria usiku mzima bila kutuambia.

Asubuhi ya sherehe alikuja mpakaji wa hina. Alianza na bibi harusi, akamalizia na dada mtu, akamkalisha mkekani, mikono imenyooshwa mbele juu ya mito miwili, miguu nayo imepakwa. Hina mbichi haitaki haraka. Ukigusa ukuta umeacha alama, ukigusa hariri nyeusi usiseme. Mpakaji aliondoka akiacha onyo moja: asishike hata glasi ya maji, mtu amnyweshe.

Mimi ndiye nilikuwa namnywesha. Ndipo tukasikia cherehani.

Mwanzo hakujali. Kwenye nyumba ile cherehani ni kama jogoo. Kisha akanyanyua kichwa, kwa sababu mshonaji husikia uzito wa kitambaa, na kile hakikuwa kitenge.

"Mama, unashona nini?"

Cherehani ikasimama. "Namalizia."

"Unamalizia nini?"

Cherehani ikaendelea.

Nilisogea kizingitini. Mama mdogo alikuwa amefumua ile sare ya zambarau, ametoa kipande kizima cha mbele, amekikata umbo la ule uwazi, na sasa alikuwa anakiingiza mgongoni mwa gauni la Kifaransa. Pini zilikuwa mdomoni. Fundo lile kubwa alikuwa hajaligusa. Baadaye alisema aliliacha kwa kuwa lilikuwa limeshonwa vizuri.

"Dada, ni gauni langu?" sauti ikatoka mkekani.

Nikasema ndiyo.

Alijaribu kuinuka. Miguu ina hina, mikono ina hina, huwezi kuinuka bila kuweka kitu chini. Alikaa tena. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetazama maziwa yakifurika akiwa upande wa pili wa barabara.

"Mama, usitumie cherehani basi. Ile ni hariri. Shona kwa mkono."

"Kwa mkono saa ngapi? Adhuhuri hiyo."

"Itajikunja."

"Nitaipiga pasi."

"Mama, usiipige pasi!"

Shangazi, aliyekuwa amelala kwenye kochi, alisema bila kufungua macho, "Mwache mama yako. Afadhali lijikunje kuliko upigwe na upepo."

Mdogo wangu aliangalia mikono yake. Nilimpa maji, akanywa. Nimeshahudhuria mikutano mingi ya watu wanaogombana juu ya mashamba na mipaka, na sijawahi kuona mtu aliyezuiwa kwa adabu kiasi kile.

Nimemwuliza mama mdogo mara kadhaa kama alijua anachofanya, au alidhani kweli nguo ile haijakamilika. Jibu lake halibadiliki: gauni lilikuwa na tundu na yeye ni fundi.

Sherehe ilianza baada ya Alasiri. Wanawake walikaa kwa safu, viti vyote vikielekea kwa bibi harusi. Mdogo wangu alikaa kati yetu, na kwa mbele alikuwa mweusi kutoka kooni mpaka chini, mikono imezibwa, hina ikichungulia vidoleni tu. Alipendeza, kama mtu anavyoweza kupendeza akiwa na hasira. Mama mdogo alikaa safu ya mbele na hakugeuka nyuma hata mara moja.

Mshereheshaji akaita wenye zambarau. Tukainuka.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho mama mdogo alikuwa amekifikiria usiku ule. Ukienda kumtunza bibi harusi, ukumbi mzima unakuona mgongo. Unasimama pale mbele, unapanga noti kwenye nywele zake au kwenye mkono, unacheza kidogo, na muda wote huo watu wanautazama mgongo wako na kuamua wewe ni nani. Pembeni ya njia nilimsikia mama mmoja nisiyemjua, aliyegeuka kututazama, akimwuliza mwenzake, "Huyu mweusi ametokea wapi tena?" Kisha tukampita. Mwenzake akajibu, "Si wa hapa hapa huyu? Huoni sare?"

Mdogo wangu naye alisikia, maana alikuwa mbele yangu hatua moja tu. Mabega yake, yale yaliyojaa, yalishuka kidogo. Sijui kama ni kwa nafuu. Alifika kwa mdogo wake, wakashikana, bibi harusi akalia, mashavu yakaharibika na aliyempamba akaja mbio. Vigelegele vilipigwa. Mambo yalikuwa kama yanavyokuwaga.

Tuliporudi kwenye viti mdogo wangu aliniinamia. "Nyuma pakoje?"

Sikuona sababu ya kudanganya. "Upande wa kushoto pamejikunja."

"Najua. Napasikia nikitembea."

"Unataka kwenda kubadili?"

"Nibadili nivae nini?" Akajiweka sawa kitini. "Kule ukikosea mshono mmoja, wanaufumua wote. Hawakuulizi. Unakuta asubuhi kitambaa kimeshafumuliwa, kipo mezani kwako."

Alikuwa anaangalia safu ya mbele, kisogo cha mama yake. Chakula kikaletwa.

Aliondoka Bagamoyo siku chache baadaye. Asubuhi ile mama na mwana walizungumza juu ya mambo mengi: mafuta ya nazi yaliyofungwa vizuri yasimwagike sandukuni, foleni ya Bunju, dawa ya presha ambayo mama mdogo hapendi kuinywa. Binti alisema akipata likizo nyingine atakuja. Mama alisema inshallah. Gauni halikutajwa na yeyote. Sanduku lilifungwa chumbani, na aliyelifunga ni binti mwenyewe.

Jioni mama mdogo alipokwenda kufungua kibanda chake alikuta gauni limening'inia nyuma ya mlango, ndani ya mfuko wake mweupe. Ufunguo wa kibanda uko nyumbani msumarini, yeyote anaweza kuuchukua. Mgongo wa zambarau ulikuwa bado upo. Aliniita, tukalitazama kwa makini, ndani na nje, chini ya taa. Upande wa kulia mshono ni ule ule wa cherehani. Upande wa kushoto, pale palipojikunja, mshono wa cherehani umefumuliwa na hakuna kilichowekwa badala yake. Kitambaa kimeshikiliwa kwa pini tatu tu.

Mama mdogo hajagusa hizo pini. Anasema huenda binti alianza kuufumua mgongo wote auondoe, muda ukamwishia. Au huenda alikuwa anataka kuurudia kwa mkono, vizuri, ubaki. Pini, anasema, huwekwa namna moja kwa kazi zote mbili.

Binti hupiga simu kila Ijumaa. Anaulizia presha, anaulizia mvua, anamwulizia mdogo wake na mumewe. Hajaulizia gauni. Mama yake naye hajamwambia kwamba amelikuta. Nimejitolea kuuliza mimi, nikaambiwa nisijaribu.

Juzi mteja mmoja aliliona likiwa nje ya mfuko, akataka ashonewe kama lile, na mgongo wa rangi nyingine vile vile. Mama mdogo alimwambia lile halijaisha.

"Litaisha lini, mama?"

Akasema hajui. Kazi hiyo ina fundi wake.