Sauti ya Pili na Vitenzi Vitiifu

Siku yangu ya kwanza kazini, Louisville, niliingia darasani na buti za bohari miguuni, maana nilikuwa nimetoka kufunga maboksi nusu saa tu iliyopita. Lakini moyo uliruka! Kule kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, tulikolelewa sisi Warundi, nilifundisha kwa vipande vya chaki. Sasa nilikuwa mwalimu wa Kiingereza Marekani kwenyewe, katika chumba cha chini cha kanisa chenye joto na ubao mweupe.

Mratibu wa madarasa, mama wa Kimarekani aliyependa utulivu, alinipa karatasi na amri moja: "Kila mtu aandike kimya kimya." Kazi ilikuwa kugeuza vitenzi vya kawaida kwa nyakati zake. Mimi huviita vitenzi vitiifu, kwa sababu ukikijua kimoja umevijua vyote. "Work" ya sasa, "worked" ya jana, "will work" ya kesho, na "have worked", jambo lililokwisha kufanyika na bado tunalo mkononi. Rahisi! Ila wanafunzi wangu walikuwa wametoka viwandani, na kufika mstari wa tatu nusu yao walikuwa wamelalia karatasi.

Nikauliza, "Nani hapa anaimba kwaya?" Mikono ikapanda karibu yote. Wakongo na Warundi, ulitegemea nini? Nikawagawa kama kanisani: sauti ya kwanza wakachukua wakati uliopo, ya pili uliopita, ya tatu ujao, na besi wakati timilifu. Nikatupa kitenzi kimoja tu, chumba kikalipuka. Mratibu akaja mbio.

"Mnasali?"

"Tunasoma, mama."

Akabaki mlangoni, na kufika kitenzi cha tano alikuwa anapiga makofi.

Sifa zikanitangulia Columbus, mji niliohamia kufundisha baadaye. Kituo chetu kilikuwa upande wa Gahanna, karibu na uwanja wa ndege, ndege zikipita juu ya paa, na hata ndege hazikutuzidi kelele! Mkurugenzi wa elimu, bwana wa tai na tabasamu, alileta wageni kila mwezi waje kutusikiliza. Kichwa kilinivimba, nakiri. Nguzo ya sauti ya pili ilikuwa Mama Zawadi wa Uvira, aliyechoshwa na bohari na kutamani kazi ya kuhudumia wazee. Nyumba moja ya wazee ikamwita kwenye usaili. Nikamwambia aende kifua mbele.

Alirudi amenuna, Kiswahili chake cha Kongo kikichanganyika na Kifaransa.

"Mwalimu, bon, ule mama aliniuliza ya leo, nikajibu ya jana. Akaniuliza ya kesho, nikajibu ya jana tena! Akazani nilisha acha kazi yote. Donc mwaka muzima uliniimbisha sauti moja tu!"

Nikamgeukia Papa Yosefu wa besi, nikamuuliza kwa Kiingereza kesho atapika nini. Akanijibu kwamba ameshapika. Darasa zima lilikuwa hivyo! Kwa pamoja walijua kila kitu, mmoja mmoja walijua robo. Aibu ilinipanda mpaka masikioni.

Mama Zawadi alikuwa ameambiwa arudi baada ya wiki sita, na nafasi hiyo ingekuwa ya mwisho. Nikabomoa kwaya yangu. Kila juma watu wakabadilishana sauti, kisha kila mmoja akasimama peke yake.

"Miye baba ya watoto saba niimbe kama binti?" Papa Yosefu aling'aka. Akaimba hivyo hivyo, na Mama Zawadi akacheka mpaka akashika ukuta. Ilisikika vibaya mno, lakini nilikuwa na furaha kama mtoto, kwa sababu walikuwa wanajua.

Mkurugenzi hakufurahia. "Wageni wanakuja Ijumaa. Rudisha ule wimbo mzuri."

"Ule mzuri ulimwangusha mtu, bwana."

"Basi fikiria kama bado unaitaka nafasi yako."

Nikafikiria. Ijumaa ile wageni walisikiliza watu wazima wakigugumiza mmoja mmoja, na mkataba wangu haukuongezwa. Jumatatu iliyofuata Mama Zawadi alirudi kwenye usaili, akapata kazi.

Nikahamia Buffalo, ambako mkuu wa kituo alinipokea kwa maneno machache: "Fundisha utakavyo, mradi waseme." Nilifundisha huko kwa raha hadi nilipostaafu. Leo nikienda Grant Street kununua unga na dagaa, sikosi mwanafunzi wa zamani wa kunisimamisha kwa Kiingereza, na kila mara nafurahi upya. Walimu vijana hunijia kuomba mbinu ya kwaya. Nawapa, maana anayeimba hasinzii, lakini nawaonya wasilewe utamu wake.

Huniuliza pia siku yangu kubwa kazini. Wanadhani nitataja makofi ya wageni. La! Ni Jumatatu ile. Nilimpeleka Mama Zawadi kwa gari langu, na alipotoka kwenye usaili alifunga mkanda, akaanza Kiingereza barabara nzima: alichoulizwa, anachokijua, atakavyowaogesha wazee na kuwabadilishia mashuka. Alikosea, akajirekebisha, akaendelea. Mimi nilishika usukani tu. Sauti yake ikiwa peke yake ilikuwa nzito, ya kukwaruza, wala si tamu. Nilikuwa nimemfundisha zaidi ya mwaka mzima, na ndiyo kwanza naisikia.