Kibao Kimoja, Wanawake Arobaini

Wewe unayesoma haya, leo umemwomba nani ruhusa ya kwenda chooni?

Mama yangu mdogo huomba. Huu ni mwaka wa kumi na saba anashona kola za mashati kiwandani. Chumba chao kina vyerehani arobaini, wanawake arobaini, na kibao kimoja cha mbao chenye kamba, kinachoning'inia kwenye msumari nyuma ya kiti cha msimamizi. Anayebanwa na haja hukivaa shingoni, akirudi hukitundika. Bila kibao hakuna kutoka. Wanaume wanaokata vitambaa chumba cha pili hawana kibao. Wao hutoka wapendapo, na soga wanapiga njiani.

Msimamizi si mtu wa kufoka. Yeye hutania. "Wewe tena? Si jana tu ulienda? Au umemeza bomba?" Chumba kizima hucheka, maana asiyecheka, kesho zamu ya kutaniwa ni yake.

Basi wanawake wale wamejitungia elimu yao. Mgeni akiingia, kabla ya kuonyeshwa namna ya kutunga uzi, huonyeshwa namna ya kukaa na kiu. Asubuhi, chai nusu kikombe. Mchana, lowanisha midomo tu. Mwalimu mkuu alikuwa mama mdogo. Walimpa jina la Ngamia, naye akalipokea kama cheo. Nilipokuwa shule ya msingi nilimsikia akijigamba kwa mama: "Dada, toka saa moja mpaka saa kumi na moja sijainuka. Hao wasichana wenye damu changa hawanifikii." Mama alicheka. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

Jumatatu iliyopita aliinamia cherehani akashindwa kunyanyuka. Haja ndogo ilikuwa inatoka na damu. Mumewe alisema hayo ni mambo ya kike, wanawake wajuane wenyewe. Nikampeleka mimi, kijana wa chuo niliyekuwa likizo.

"Unakunywa maji kiasi gani, mama?" daktari alimuuliza.

"Ya kutosha."

"Ya kutosha ndiyo kiasi gani?"

"Jioni nikifika nyumbani, kikombe. Siku nyingine viwili."

Daktari aliweka kalamu mezani. Alieleza taratibu: figo moja imekwisha kuharibika, ya pili inaelekea huko huko. Akiendelea hivi mwaka mmoja tu, atahitaji mashine ya kumsafisha damu, na mashine ya karibu ni safari ya siku nzima. Alimpa vidonge, kisha akasema dawa yenyewe hasa ni maji: chupa mbili kubwa kila siku, anywe mchana kutwa, na akibanwa aende pale pale.

Mama mdogo alimtazama kama mtu aliyetajiwa bei asiyoiweza. "Hakuna sindano, daktari?"

Tulirudi kwa miguu, mimi nikiwaka. Nilimwambia nitakwenda kwa meneja, nitaandika barua, nitataja sheria kifungu kwa kifungu. Kuna watu hupigwa fimbo, nilisema, na kuna watu huuawa kwa utaratibu.

"Sawa, baba. Ukishamaliza kutaja vifungu, wewe utarudi chuoni, mimi nitarudi kwenye kiti kile kile. Moto wako mzuri, lakini nyumba inayoungua ni yangu."

"Basi kunyweni wote. Mkibanwa watu arobaini kwa pamoja, kibao kimoja kitamsaidia nini msimamizi?"

"Hilo nalo neno," alisema. "Nani aanze?"

"Wewe. Si wewe uliyewafundisha kutokunywa?"

Jioni ile alichemsha maji mwenyewe, akayapoza, akajaza chupa. Alikwenda kumgongea jirani yake, msichana aliyeajiriwa kiwandani mwezi uliopita, akamwambia naye aje na yake. Kwa kuwa chupa haziruhusiwi ndani, wasije wakalowesha kitambaa, wangekunywa pale getini, mbele ya wenzao.

Kesho yake asubuhi niliwasindikiza. Wanawake walikuwa wamepanga foleni, msimamizi amesimama getini na orodha ya majina. Mama mdogo alitoa chupa, akafungua kifuniko, akainua. Nyuma yake msichana naye akafungua ya kwake.

"Mama, leo tutegemee mafuriko?" msimamizi aliuliza kwa sauti ya upole kabisa. "Niagize mtumbwi?"

Foleni ikaangua kicheko. Mama mdogo naye alicheka. Alipiga funda moja, akasukutua, akageuka pembeni akatema. Kisha akanipa ile chupa bila kunitazama usoni, akaingia ndani.

Msichana alibaki ameshika chupa yake kwa mikono miwili. Aliniangalia, akaangalia lile funda la maji linavyokauka vumbini, akarudisha kifuniko, akakikaza.