Nembo Iliyokatwa Mara Mbili

Mteja mpya anapofika kupimwa nguo kwa Felicitas Lukas, kule Temeke, kwanza huitazama cherehani, kisha humtazama fundi usoni, kisha hutafuta mahali pengine pa kuweka macho. Felicitas amezoea. Hushika utepe, hupima mabega, huandika kwa chaki kwenye kibao, na humwacha mtu amalize kushangaa. Katikati ya paji la uso wake ipo mistari mitatu ya buluu iliyoiva, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja umekunjika katikati kama kiwiko. Wanawake wengi wa Kimakonde wenye nembo kama hiyo walichanjwa wangali wasichana. Yeye alichanjwa mwaka 1951, akiwa mtu mzima, mshonaji aliyefundishwa na masista, na mchumba wa karani wa forodha.

Mama yake, Rosalia, alivuka Ruvuma na mumewe kuja kukata mkonge. Uso wake ulijaa nembo kutoka nywele hadi kidevu, na kwenye mdomo wa juu alikuwa na tundu la ndonya, kile kipande cha mti cha kupamba mdomo, ambalo hakulivalisha tena kitu. Kambini alikuwa fundi wa kuchanja. Wanawake walitoka mashamba ya mbali kumfuata, kwa sababu mkono wake ulikuwa mzito, wa kukata kwa kina, na haukurudia mstari kwa kubabaisha. Mumewe alipofariki alihamia Temeke na binti yake wa pekee, akapanga chumba kwa Tunu binti Marijani, Mzaramo mwenye ulimi mkali na mlango usiofungwa.

Mjini watu kama Rosalia waliitwa Wamawia, na jina hilo halikutamkwa kwa heshima. Watoto wa mtaani walitishiwa kwa uso wake ili wanyamaze. Rosalia hakugombana na mtu. Alimpeleka Felicitas kwa masista, akamwacha huko akajifunza kusoma na kushona, na hakumchanja. Wenzake wa kambini walipomuuliza sababu, alijibu kwamba huyu ni mtoto wa mjini. Hawakuuliza tena.

Felicitas alikutana na Adelard kanisani. Alikuwa kijana wa Bukoba, mrefu, msafi wa mavazi, mpole wa maneno. Alimfahamu Rosalia vizuri. Zaidi ya mara moja alimwamkia njiani wakitoka misani, kofia mkononi. Alipoamua kuoa, alimwomba baba yake mdogo, Mzee Revelian, aliyekuwa mtumishi wa reli, amsindikize kupeleka posa.

Siku hiyo Tunu alikopesha viti na birika. Felicitas, kama ilivyo desturi, alikaa chumbani nyuma ya pazia. Wageni walinawa, wakakaa, wakapewa chai. Mzee Revelian alimshukuru Tunu kwa makaribisho, kisha akauliza kwa adabu mama mzazi wa binti yuko wapi, ili aseme naye. Rosalia alikuwa amesimama mbele yake, ameshika bakuli la maji ya kunawa.

"Mama yake alikwisha kufariki," alisema Rosalia. "Mie jirani tu, nawasaidia jikoni."

Tunu aliinua birika, akajaza vikombe. Mzee Revelian alitoa pole, akageuza kiti kumwelekea Tunu, na mazungumzo ya posa yakaendelea kana kwamba Tunu ndiye shangazi. Nyuma ya pazia Felicitas alimsikia Adelard akikoroga chai, kijiko kikigonga kikombe. Naye hakutoka.

Wageni walipoondoka, Tunu alikuwa wa kwanza kupata sauti. Alimwambia Rosalia kwamba ameishi na watani wa kila kabila, ila hajapata kuona mtu anayejitangazia msiba huku ameshika bakuli. Rosalia alicheka kidogo, akasema wale watu wamekuja kutafuta mke, hawakuja kutafuta uso wake. Harusi ikiisha, kila mtu atakaa kwake na mambo yataendelea.

Felicitas hakucheka. Siku chache baadaye, akimsaidia mama yake kupeta mchele uani, alimwambia kwamba anataka nembo, hapa, kwenye paji, mahali pasipofunikwa na kanga.

Rosalia aliendelea kupeta. Alisema hapana. Alisema nembo ya msichana huchanjwa na wenzake wakiimba, mwili ungali mlaini. Ya mtu mzima mjini ni kujitafutia maneno. Felicitas alimjibu kwamba yuko fundi mwingine Ukonga, mama mmoja wa kambini anayechanja akiwa amelewa, na kwamba kesho atakwenda kwake.

"Nilikupeleka kwa masista ili mtu asikutazame anavyonitazama mimi," alisema Rosalia.

"Najua, mama. Na sasa mtu akitutazama anaona jirani na jirani."

Rosalia aliuweka ungo chini. Jioni ile alichoma mbegu za mbarika, akausaga mkaa wake mpaka ukawa laini kama poda. Asubuhi alimlaza binti yake kwenye mkeka uani, kichwa mapajani mwake. Alimwambia asikunje uso, kwa kuwa mkunjo hupotosha mstari. Kijembe kilikuwa kidogo kuliko kidole. Felicitas anakumbuka damu iliyomwingia sikioni, na vidole vya mama yake vikisugua mkaa kwenye kidonda. Kisha alikalishwa juani uso ukauke.

Vidonda vilipopona, mistari ilionekana kama imechorwa kwa penseli. Tunu aliitazama akiwa amejishika kiuno.

"Hii ndiyo ya fundi mkubwa?" aliuliza. "Rosa, shoga yangu, umechanja au umepapasa?"

Rosalia alieleza kwamba nembo haikolei mara moja. Hukatwa tena juu ya ileile, pengine mara ya tatu. Hilo lilikuwa kweli. Lakini Felicitas alipitisha kidole kwenye paji lake, kisha kwenye paji la mama yake, akaelewa. Mkono mzito uliosifiwa mashambani ulikuwa umekata juu juu kwa makusudi. Bila kurudiwa, mistari ile ingefifia, na poda ingemaliza kilichobaki. Mama yake alikuwa amemwachia mlango wazi.

Mzee Revelian alirudi na Adelard kukamilisha maneno ya mahari. Habari za nembo zilikuwa zimemfikia, akaomba amwone binti. Felicitas alitoka, akamwamkia shikamoo, akasimama kwenye mwanga. Mzee alitazama kwa makini, bila ukali, kama atazamaye kasoro ya kitambaa. Alisema hii itatoka. Kisha akamgeukia Rosalia, aliyesimama karibu na mlango wa jikoni.

"Bibi, nasikia ndiwe uliyemchora. Tafadhali usirudie."

"Sitarudia, baba," alisema Rosalia.

Felicitas alisema, "Mzee, huyu unayemwambia ni mama yangu mzazi. Amenizaa, amenilea, na hajafa."

Mzee Revelian alimtazama Rosalia, kisha akamuuliza mwanawe kwa sauti ya chini kama alikuwa akijua. Adelard alikuwa ameishika kofia yake magotini. Alisema ndiyo.

Hapo ndipo mzee alipofanya jambo ambalo Tunu bado hulisimulia. Alisimama, akavua kofia, akamwendea Rosalia.

"Mama, nisamehe," alisema. "Nimekaa nyumbani kwako, nikanawa kwa mkono wako, nikaomba binti kwa mtu mwingine. Posa hii haikuwa posa. Tutarudi, tukuombe wewe."

Rosalia hakujua afanye nini na mikono yake. Alimjibu, "Karibu, baba."

Mzee alikuwa tayari kurudi. Adelard ndiye aliyerudi, tena peke yake, alasiri moja Felicitas akiwa kwenye cherehani. Aliongea kwa upole wake uleule. Alisema anampenda, na kwamba atamtunza Rosalia kama mama yake mwenyewe, hilo asiwe na shaka. Ombi lake ni moja tu: mistari ile aiache ilivyo, isikatwe tena. Felicitas aliuliza kwa nini. Adelard alijibu kwamba ofisini wanakaribishana na wake zao, na watamuuliza.

"Siku ile ulimsikia mama akijizika," alisema Felicitas, "ukaendelea kukoroga chai."

"Na wewe ulikuwa ndani," alisema Adelard.

"Nilikuwa ndani. Ndiyo maana nataka irudiwe."

Hakuwa na hasira, anasema, na Adelard naye hakuwa na hasira. Alikaa mpaka pindo la gauni lililokuwa mkononi mwa Felicitas likaisha, akaaga vizuri. Baadaye alihamishiwa Mwanza, akaoa huko. Siku moja Mzee Revelian alimtuma mtu kumsalimu Rosalia na kumletea kahawa ya kutafuna.

Mara ya pili Rosalia hakubisha. Alikinoa kijembe kwenye jiwe kwa muda mrefu, akamlaza binti yake mkekani palepale, akamfunika macho kwa kiganja.

"Safari hii itauma," alisema. "Na haitatoka."

"Nami sitaki itoke."

Iliuma. Uso ulivimba hata macho yakafumba, na Tunu alimlisha uji kwa kijiko huku akiwatukana wote wawili, mama na mwana. Wateja walipungua. Masista walisikitika, mmoja akalia. Sare za shule alizokuwa akishona zilipewa mtu mwingine, na Felicitas akarudi kushona magauni ya jirani na kanzu za wazee. Hajaolewa. Akiulizwa kama anajuta, hujibu kwamba kuna siku, hasa za harusi za wenzake, kisha hukanyaga cherehani.

Rosalia alifariki mwaka 1956, wakati wa mvua. Msibani watu walijaa mpaka barazani kwa jirani. Tunu alikaa mbele, akilia kwa sauti kuliko wote, na wageni wengi walimdhania ndiye mfiwa. Alasiri akaingia mwanamke mzee kutoka mashamba ya mkonge, uso umejaa nembo, kanga imelowa, ambaye hakuna aliyemjua. Hakuuliza kitu. Aliwatazama waombolezaji mmoja mmoja, akampita Tunu, akaenda kuketi kando ya Felicitas kwenye jamvi.

Alimshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba polepole juu ya mistari ile mitatu. Kwenye ukingo wa ule wa chini, pembeni ya buluu iliyokolea, kidole kilisimama. Pale pamebaki uzi mwembamba wa kijivu ambao kijembe cha pili hakikuufikia.

"Hapa mkono wake ulisita," alisema yule mwanamke mzee.

"Ndiyo," alijibu Felicitas. "Hapo alikuwa akinihurumia."