Mazuku ya Koekelberg

Mama yangu hakuipenda chaudière yetu hadi siku ilipoanza kuharibika. Chaudière ni lile sanduku jeupe la chuma lililotundikwa ukutani jikoni, linalochoma gesi na kupasha moto maji yanayozunguka kwenye radieta za nyumba nzima. Mama alipofika Koekelberg, mtaa wetu wa Brussels, kutoka Goma, alichungulia kwenye kidirisha chake, akaona mwali mdogo wa buluu, akanigeukia kwa huruma. "Hii ni moto ama ni taa?" akauliza. Kwake moto wa buluu ulikuwa moto mgonjwa. Moto wenye heshima zake lazima uwe na rangi.

Basi majira yale ya baridi, asubuhi moja, akatuita mimi na mdogo wangu kwa sauti ya mtu aliyepata habari njema. "Mukuye muone! Ile kitu imeamuka!" Tukakimbilia jikoni. Kweli, mwali ulikuwa wa njano, mrefu, unachezacheza. Mama akapiga makofi, nasi tukapiga pamoja naye. Juu ya sanduku kulikuwa na doa jeusi la masizi, ambalo yeye alilisugua kwa sabuni kila asubuhi, nalo likarudi kila jioni. Madirisha yalitoka jasho, akayafuta huku akiimba nyimbo za kanisani. Mwali wa njano, masizi ukutani, madirisha yanayolia machozi: fundi yeyote angepiga kelele. Sisi tulishukuru kwamba hatimaye nyumba ina moto wa kweli.

Halafu tulikuwa na jambo kubwa zaidi la kufikiria. Mdogo wangu alikuwa amepata mchumba. Kijana mzuri, mpole, anakaa upande wa Flagey, ila alikuwa na kasoro moja machoni pa mama: kwao ni Lubumbashi, mjini Katanga. Mama alikuwa na maoni yake kuhusu watu wa Katanga na aliyatoa bila kuombwa. "Bale banajipenda. Banavaa suti hata kwenda kununua mukate." Alikubali ujumbe wa familia ya kijana uje Jumamosi mchana kujitambulisha, lakini akatuonya kwamba jibu lake atalitoa siku hiyohiyo, mbele yao, na jibu hilo halitarudiwa. Tunamjua mama. Akisema hapana, hata mchungaji habishi. Mdogo wangu alipungua hadi sketi zikaanza kumzunguka kiunoni. Alikuwa anampenda yule kijana kupita kiasi, na mimi nilimwonea huruma kupita kiasi.

Kuwakataa wageni ni jambo moja, kuwapokea vibaya ni jambo jingine. Mama hakutaka kusikia hata siku moja kwamba nyumba yake ilikuwa baridi. Sasa, chini ya ukuta wa jikoni kuna tundu lenye wavu, na kupitia tundu lile upepo wa Brussels unaingia bila kubisha hodi. Mama akalitazama, akaguna. Akapiga pasi kitenge, akakikunja, akakisokomeza ndani ya tundu, akazungushia utepe wa gundi pande zote, kisha akatundika kitenge cha pili juu yake kama pazia. Chini ya milango akaweka mataulo. Nakiri jiko lilipendeza. Kwa kuwa alikuwa akikaanga sambaza, vile visamaki vya Ziwa Kivu, na sambaza zikikaangwa hata mtaa wa pili wanajua, aliiwasha hotte, ile mashine ya juu ya jiko inayofyonza moshi, ikanguruma kwa nguvu zote tangu asubuhi.

Wageni wakafika, watatu. Tonton, mdogo wa baba yake kijana, ndiye aliyekuwa msemaji, na alivaa suti yenye kizibao, mama akanikonyeza. Shangazi yake kijana alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye kicheko cha kutikisa vikombe. Kijana mwenyewe alikaa pembeni kabisa, macho chini, kwa sababu siku ya namna hiyo mchumba hana ruhusa ya kufungua kinywa. Tukafunga mlango, tukafunga madirisha, tukapandisha joto.

Sijawahi kuona mchana mzuri kama ule. Kila kitu kilichekesha. Tonton aliomba chumvi, tukacheka. Shangazi alisema sambaza zetu zinamtazama, tukacheka hadi tukashika mbavu. Hata mama, aliyekuwa ameapa asionyeshe jino, alicheka hadi kilemba kikamteleza. Mdogo wangu akanifinya mkono chini ya meza. "Yaya," akaniita, kama tunavyomwita mkubwa wetu, "unaona? Anacheka!" Niliona, na moyo wangu ulikuwa unaelea. Kichwa kiliniuma kidogo, nikayasingizia manukato ya tonton. Nilijihisi nimelewa, na sote tulikuwa tunakunywa chai.

Ndipo shangazi akainuka ili atuonyeshe jinsi mwanakwaya mmoja wa kwao anavyocheza. Hakumaliza hata hatua ya kwanza. Akarudi kitini kwa kishindo. "Yoo! Magoti yangu inakataa!" Tukacheka sana. Tonton akasema hata yeye kichwa kinamgonga tangu sahani ya pili. Mdogo wangu akasema chake pia. Wakati huo mama aliacha kucheka.

Hapa inabidi nieleze, maana si kila mtu amezaliwa Goma. Kwetu ardhi ina hewa yake mbaya, tunaiita mazuku. Inatoka chini kwenye miamba ya volkeno, haina rangi, na inalala kwenye mabonde kama maji yanavyolala kwenye beseni. Mbuzi akishuka kula majani humo, hapandi tena. Mtoto wa Goma anafundishwa mapema: ukisikia magoti yamelegea na kichwa kinazunguka, usikae, usilale, panda juu upesi.

"Mazuku!" mama akapiga yowe.

Jinsi mwanamke wa umri wake, mwenye kitenge cha kubana, alivyofika juu ya meza ya chakula, mimi sijui. Nilipogeuka alikuwa tayari amesimama katikati ya sombe na fufu. Mimi na mdogo wangu tulikuwa juu ya viti kabla hatujafikiri. "Mupande!" mama akawaamuru wageni. "Mupande juu, bote!"

Ujumbe wa Lubumbashi ulitutazama. Fikiria mwenyewe: umekuja kuposa, na ghafla familia nzima ya binti imesimama juu ya fanicha. Lakini tonton alikuwa mtu wa mila. Alijua kwamba kila ukoo una michezo yake ya kuwasumbua waposaji, na alikuwa amejiandaa kwa lolote kutoka kwa watu wa Kivu. Akavua viatu, akavipanga sambamba, akapanda juu ya sofa kwa heshima zote, akaweka sawa kizibao. "Bon," akasema. "Tumepanda. Alors, famille inaomba nini ili tushuke?"

Nilicheka hadi nikashikilia pazia nisianguke. Hata sasa ninapoandika nacheka.

"Tonton, apana, haiko desturi!" mdogo wangu akalia kwa kicheko na hofu kwa pamoja. "Ni hewa mubaya! Inauaka!"

Shangazi, ambaye magoti yake hayakumruhusu kupanda popote, akainua kichwa. "Hewa ya kuua? Kichwa inauma, magoti inakufa, na bantu banacheka bure?" Akatazama madirisha yaliyofungwa, akatazama mlango wa jikoni, mwali wa njano ukichezacheza ndani ya sanduku lake. Uso wake ukabadilika. "Ile ni mbabula!"

Mbabula ni jiko la makaa. Lubumbashi ina baridi kali katikati ya mwaka, na wako watu wanaoingiza mbabula chumbani, wanafunga mlango, wanalala, na asubuhi majirani wanavunja mlango. Shangazi alikuwa amezika majirani wa namna hiyo, baba, mama na watoto. "Mufungue madirisha!" akapaza sauti. "Bantu bote inje! Haiko kupanda, ni kutoka!"

Kila mmoja alikuwa na nusu ya ukweli. Mama alijua kwamba hewa inaweza kuua bila kuonekana. Lakini mazuku hulala chini, wakati hewa ya moto uliokosa pumzi husambaa chumba kizima, hata ukiparamia kabati itakufuata hukohuko. Mimi ni mhudumu wa wazee, na kazini tulishawahi kufundishwa jambo hili; likanirudia polepole mno, likipita kwenye ukungu. Nikashuka kitini. Nikafungua dirisha la sebuleni, nikakimbia jikoni nikiwa nimebana pumzi, nikaizima chaudière kwa kitufe chake, nikasukuma dirisha la huko pia, na kurudi mbio. Tonton na mdogo wangu walikuwa wamemshika shangazi kwapani, wanamteremsha ngazi za jengo letu la ghorofa.

Mama alikuwa bado juu ya meza.

"Shuka, mama!"

"Chini ni kifo! Sitashuka!" Akanitazama kama aliyenisikitikia kwa kusahau nilikotoka. Kisha akakaa juu ya meza, taratibu, macho yakaanza kufumba, na mwili ukayumba. Kicheko changu kilikatika palepale. Nilimshika mkono, nikavuta, na nguvu sikuwa nazo. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa katika nchi hii.

Kijana alikuwa amebaki mlangoni. Kwetu mkwe hamgusi mama mkwe. Hampi hata mkono. Wakikutana njiani, yeye anapisha. Mwanamume anayemgusa mama wa mkewe amejiaibisha yeye na ukoo wake, na huyu alikuwa hata mke hajapewa. Alimtazama mama, akanitazama mimi, kisha akatamka maneno yake ya kwanza ya siku ile. "Maman, unisamehe." Akamnyanyua, akamtupia begani.

Bakuli la sombe likaanguka. Mama akazinduka, akaanza kumpiga ngumi za mgongo, na hakuacha kumpiga hadi mlango wa barabarani. "Uniache! We ni mukwe! Haya, Yesu wangu! Batu banaangalia!" Kwenye ngazi nilibisha kila mlango nikipiga kelele watu watoke, kwa kuwa hewa ile haiheshimu kuta. Jirani yetu, mzee wa Kibelgiji, akatoka na kandambili, akaona mama anapita juu ya bega la mwanamume mwenye tai, akamsalimia kwa adabu.

Nje baridi ilikuwa tamu kama maji. Nikapiga simu ya dharura. Tulisimama wote kwenye barabara, tonton na soksi zake, tukivuta hewa na kutapika na, Mungu atusamehe, tukicheka tena.

Wazimamoto wakaingia na kifaa chao cha kupima hewa, nacho kikalia tangu mlangoni. Mmoja akarudi ameshika kitenge cha mama, kimenyooshwa pasi vizuri kabisa, akatueleza. Moto wa gesi unahitaji kupumua, na tundu lile la ukutani ndilo pua yake. Tulipoliziba, na hotte ikawa inafyonza hewa yote ya jikoni kuipeleka nje, hewa mpya haikuwa na pa kuingilia ila kwenye bomba la moshi. Basi moshi uliokuwa unatoka ukageuzwa njiani na kurudishwa ndani kwetu. Wakafunga gesi, wakakataza mtu kuigusa. Fundi mwenye kibali ndiye aliyekuja siku nyingine kusafisha kichomeo na bomba, na mwali ukarudi kuwa wa buluu. Siku hizi fundi huyo tunamwita kila mwaka bila kungoja dalili. Kifaa cha kunusa hewa ile kinaning'inia ukutani, na tundu liko wazi, mama analipita akiwa amevaa koti.

Lakini Jumamosi ile jioni tulikuwa hospitali, tumepangwa kwenye vitanda, kila mmoja na barakoa ya oksijeni. Mdogo wangu hakumtazama mtu. Kwake yalikuwa yamekwisha. Mkwe amembeba mama mkwe begani kama gunia la unga, mbele ya mtaa mzima. Nani angebariki ndoa baada ya hapo? Tonton naye alilijua hilo. Akainua barakoa yake.

"Maman," akasema, "kijana amekosa. Hata kwetu mukwe hana ruhusa ya kugusa mama. Famille yetu italeta mbuzi ya kusafisha ile haya."

Muuguzi akamrudishia barakoa. Mama akainua yake. "Mukwe gani?"

Muuguzi akaja, akamfunika mama pua na mdomo, akamwonya kwa kidole. Tukangoja. Mdogo wangu aliushika ukingo wa kitanda changu. Muuguzi alipogeuka tu, mama akaiinua tena.

"Mi nilibebwa na mutoto wangu," akasema. "Mutoto akibeba mama yake, mbuzi ni ya nini?"

Akajirudishia barakoa mwenyewe, akafumba macho. Kijana, kwenye kitanda cha mwisho, alilia ndani ya barakoa yake hadi muuguzi akaja kuangalia kama oksijeni inapita.