Mlango wa Boma Langu Uko Gatwekera

Wasomaji wa ukurasa huu, nimesoma visa vyenu miaka mingi nikiwacheka wengine. Leo zamu imenifikia. Jina langu lifichwe, na majina ya watu nitakaowataja nimeyabadilisha.

Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na sita, mtu wa upande wa Ziwa, baba wa watoto watano. Nilikuwa mpishi katika shule moja hapa Nairobi mpaka nilipostaafu mwezi wa nne mwaka huu. Kawangware niliingia mwaka wa sabini na saba, na muda huo wote nimekaa ploti moja, chumba kimoja, kwa mama mwenye ploti nitakayemwita Mama Wanjiku. Mke wangu yuko nyumbani kijijini. Analala katika jiko la marehemu mama yangu, kwa sababu sijawahi kumjengea.

Kwetu mtu hajijengei boma ovyo ovyo. Mzee wa ukoo anatangulia alfajiri, kijana wako wa kwanza anabeba shoka, wewe unabeba jogoo, mke anabeba moto, na nyumba inasimama siku hiyo hiyo, paa na mlango. Baba yangu alishafariki. Amebaki baba mdogo mmoja tu wa kunitangulia, na macho yake yanaisha. Tangu mwaka jana ananifugia jogoo wa siku hiyo.

Nilipostaafu, kodi ya Kawangware sikuiweza tena. Kila mtu aliniuliza, "Sasa unaenda nyumbani?" Nikasema ndiyo. Watu wa kanisa na wa ploti wakanichangia mabati. Mama Wanjiku akang'oa mlango wa stoo yake, mbao ngumu, rangi ya kijani, akauosha kwa mikono yake. Akaniambia, "Baba Akinyi, umekaa kwangu kama ndugu. Ukifunga huu mlango kwako jioni, unikumbuke." Wakaniombea, wengine wakalia. Mabati na mlango vikapakiwa kwenye mkokoteni, wakanisindikiza hadi barabarani wakiimba. Walipopotea machoni, nikamwambia mwenye mkokoteni tuelekee Kibera.

Nilikuwa nimeshapatana na mwenye nyumba mmoja Gatwekera, humo humo Kibera. Alikuwa na chumba kinachovuja, hakina hata mlango. Makubaliano yetu ni kwamba nikikiezeka na kuweka mlango, nakaa miaka miwili bila kodi, na siku ya kutoka naviacha vyote. Ndivyo nilivyofanya na mabati ya watu wa Mungu.

Mtaniuliza kwa nini. Nilijidanganya ati nyumbani ndiko ghali. Kila wiki matanga, kila ndugu ana mtoto wa kulipiwa karo, na wote wanajua umestaafu. Hiyo ni kweli lakini si ukweli wote. Mimi nyumbani nilikuwa mtu wa Krismasi. Nafika na suti, mikate na sukari, naitwa mkubwa wa Nairobi, halafu naondoka kabla hawajanizoea. Hawajui kazi yangu ilikuwa kukoroga ugali wa watoto wa shule. Niliona aibu wanione kila siku, Januari mpaka Desemba, nikiwa na shati moja na sina la kusema. Gatwekera ni rahisi kwa sababu hakuna mtu ananitarajia. Asubuhi napika chapati kando ya njia, napata ya kula, nalala. Mke wangu nilimwandikia kwamba shule imeniomba nibaki hadi mwisho wa mwaka.

Wiki mbili zilizopita nilienda Soko la Toi kutafuta sweta. Nikasikia sauti ya Mama Wanjiku. Nikainama nyuma ya rundo la makoti, mzee mzima na magoti yangu haya mabovu. Alikuwa na mama mwingine wa kanisa, wanavutana bei ya mapazia. "Hii ya kijani itaendana na mlango," alikuwa akisema. "Desemba si mbali, na kwa Baba Akinyi hatuwezi kuingia mikono mitupu." Mwenzake akauliza kama basi litawafikisha karibu. "Mke wake atatuelekeza," akajibu, "nimeshamwandikia." Muuza makoti akaniangalia pale chini. "Mzee, umepoteza kitu?" Nikatingisha kichwa. Nilibaki hapo mpaka wakalipa na kwenda.

Barua zangu bado zinapitia sanduku la shule. Juzi nilienda kuchukua, nikakuta ya mke wangu. Yeye si mtu wa maneno mengi, na hakuniamkua hata.

"Watu wako wa Kawangware wanauliza kama mlango ulitosha. Mlango gani? Wanasema walikuaga mwezi wa nne. Kama umekufa, niambiwe nianze kulia. Kama una mwanamke mwingine, nyamaza hivyo hivyo. Lakini baba mdogo bado analisha jogoo wako. Kila nikipita anauliza kama ni wewe umefika, kwa sababu sasa haoni tena ni nani anayeingia."

Nimeisoma nikiwa nimekaa nyuma ya ule mlango wa kijani, nimeufunga kwa ndani. Nikiung'oa, nimemvunjia mwenye nyumba makubaliano. Nikienda kwa Mama Wanjiku, sijui nitaweka wapi uso. Nikienda nyumbani, nafika bila bati hata moja, na yule mzee atanyoosha mkono kunishika aone nimebeba nini.

Ndugu na dada zangu, nitukaneni kwanza, nastahili. Lakini mkimaliza kunitukana, naomba mniambie: katika hao watatu, mke wangu, Mama Wanjiku na baba mdogo, nianze kupiga magoti kwa nani?